"Kinga" Iahidiyo Kupita Kiasi: Uchambuzi wa Istilahi za Kuzuia Saratani

Miongoni mwa maneno ambayo mfasiri wa maandishi ya afya huyatumia bila kusita ni neno *kinga*. Neno hili ni fupi, ni letu, na kila mtu hulielewa. Wito wa "Kinga ni bora kuliko tiba" umezoeleka zahanati na shuleni. Hata hivyo, tunakusudia kuonyesha kwamba neno hilo, likiingizwa katika habari za utafiti wa kuzuia saratani kwa dawa na kwa viambato vya chakula, humweleza msomaji jambo ambalo watafiti wenyewe hawakulisema.

Uwanja huo ulipewa jina mwaka 1976 na Michael Sporn, mtafiti wa Marekani. Kwa matamshi yetu jina hilo lingekuwa *kemoprevensheni*. Msingi wake ni kwamba saratani haizuki kwa siku moja: seli hubadilika hatua kwa hatua kwa miaka mingi, na kwa hiyo huenda dawa ikazikatiza hatua hizo kabla saratani haijakamilika. Yafaa izingatiwe kwamba hiyo ilikuwa dhana ya kuchunguzwa, wala haikuwa ahadi.

Mfasiri anazo njia tatu. Ya kwanza ni kulitohoa neno zima, lakini kemoprevensheni halimwambii kitu mwalimu wala mgonjwa. Ya pili ni kufasiri kipande kwa kipande na kupata *kinga ya kemikali*. Hapa mkanganyiko ni dhahiri, kwani mfanyakazi wa kiwandani atadhani anaelezwa habari za glavu na barakoa. Ya tatu ni kusema *dawa ya kinga ya saratani*. Hii ndiyo inayovutia zaidi, na ndiyo tunayoipinga.

Sababu yetu ni kwamba neno *kinga* limekwisha kubeba mzigo wake. Mwavuli hukinga mvua, na aliye chini yake hatarajii kulowa. Aidha, tangu neno UKIMWI lienee, kinga imekuwa ni ile nguvu ya mwili ya kupigana na maradhi. Kwa maana hiyo neno hilo linaifaa chanjo. Tanzania ilipoanza mwaka 2018 kuwachanja wasichana nchini kote dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilikuwa sahihi kusema kwamba chanjo huupa mwili kinga dhidi ya virusi hivyo. Dawa tunazozijadili hapa hazifanyi kazi ya namna hiyo.

Tuchukue mfano wa tamoksifeni. Mwaka 1998 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Amerika ya Kaskazini kwa wanawake 13,388, ambao uwezekano wao wa kupata saratani ya matiti ulikuwa mkubwa kuliko wa kawaida. Ilielezwa kwamba dawa hiyo ilipunguza saratani iliyopenya tishu za jirani kwa asilimia 49. Mfasiri akiandika kwamba "dawa iliwakinga wanawake 49 katika kila 100", atakuwa amepotosha. Hesabu yenyewe ni hii: katika muda wa miezi 69, miongoni mwa kila wanawake 1,000 wasiopewa dawa, takriban 43 walipata saratani hiyo, miongoni mwa 1,000 waliopewa, takriban 22 waliipata. Faida ilikuwapo, tena kubwa. Lakini wapo waliokunywa dawa na wakaugua, na wengi zaidi wasingeugua hata bila dawa. Isitoshe, saratani ya mji wa mimba iliongezeka miongoni mwa waliopewa dawa. Neno *kinga* linayaficha yote hayo.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Ilikwisha kuonekana kwamba watu wanaokula matunda na mboga kwa wingi hupata saratani ya mapafu kwa uchache. Betakarotini, iliyomo katika karoti, maembe na mchicha, ikadhaniwa kuwa ndiyo sababu. Nchini Finland wanaume 29,133 waliovuta sigara waliingizwa katika jaribio, na baadhi yao walipewa miligramu 20 za betakarotini kila siku. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 18 miongoni mwa waliopewa. Jaribio jingine, la Marekani, lilisimamishwa mwaka 1996 kabla ya wakati wake kwa sababu ya madhara ya namna hiyo hiyo. Je, tungekuwa tumekwisha kuviita vidonge vile "kinga ya saratani", tungewaambia nini wasomaji wetu?

Kosa hilo lina ndugu zake. Vidonge vya namna hii huitwa *virutubisho*, neno linalosifu kitu kabla hakijapimwa. Vilevile, kidonge kisicho na dawa, wanachopewa washiriki wa kundi la ulinganisho, huitwa *dawa bandia*, jina ambalo magazeti hulitumia kwa dawa za kughushi. Mshiriki akisoma hivyo, ana haki ya kudhani kwamba amedhulumiwa.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Uwanja wenyewe uitwe *uzuiaji wa saratani kwa dawa*, au *kwa viambato vya chakula*, kwa kadiri ya jambo linalozungumzwa. Tunakiri kwamba hata *kuzuia* kuna ahadi ndani yake. Ndiyo maana matokeo yasielezwe kwa kitenzi hicho, bali kwa *kupunguza uwezekano wa kupata saratani*, pamoja na hesabu ya watu kwa kila 1,000. Vidonge viitwe *vidonge vya nyongeza*, na *dawa bandia* ibadilishwe kuwa *kidonge kisicho na dawa*. Neno *kinga* libaki kwa chanjo na kwa nguvu ya mwili.

Huenda ikasemwa kwamba maneno haya ni marefu na hayapendezi masikioni. Twakubali. Lakini mama anayeshauriwa kumeza kidonge kila siku kwa miaka mitano, hali haumwi, anastahili kuelezwa kwa usahihi kile anachokimeza na kile anachoweza kukitarajia. Urefu wa istilahi huzoeleka. Tumaini la uongo lina gharama yake, na anayeilipa si mfasiri.