Hobson-Jobson na Maneno ya Bahari Moja

Katika mwaka wa 1886 ilichapishwa London kamusi ya ajabu yenye jina la ajabu zaidi: Hobson-Jobson. Watungaji wake walikuwa wawili. Henry Yule alikuwa mhandisi katika jeshi la Bengal na mfasiri mashuhuri wa safari za Marco Polo; Arthur Coke Burnell alikuwa mtaalamu wa Kisanskriti aliyetumikia serikali katika Madras. Burnell alifariki mwaka wa 1882 asikione kitabu, na mzigo wa kukimaliza ukamwangukia Yule. Toleo la pili, lililoongezwa maelezo na William Crooke, lilitoka mwaka wa 1903. Shabaha ya kamusi hiyo ilikuwa kueleza maana na asili ya maneno yasiyo ya kawaida yaliyokuwa yamejaa katika Kiingereza cha Waingereza waliokaa India.

Jina lenyewe ladai maelezo. Waislamu wa madhehebu ya Shia, wanapoomboleza katika mwezi wa Muharram kifo cha Hussein aliyeuawa Karbala mwaka wa 680, hulia "Ya Hassan! Ya Hussein!" Askari wa Kiingereza waliokisikia kilio hicho katika maandamano ya India walikigeuza kuwa majina mawili ya kwao, Hobson na Jobson, mithili ya mtu anayewaita jirani zake wawili. Kitabu chaleta shuhuda tangu karne ya 17 zinazoonyesha jinsi kilio kilivyopindwa hatua kwa hatua vinywani mwa wageni. Baadaye wataalamu wa isimu walilitumia jina hilo kuitaja kanuni ambayo kwayo neno geni huvikwa sauti za lugha inayolipokea. Kanuni ni ya kweli, wala hakuna lugha isiyoifuata. Hata hivyo, Yule alilichagua jina hilo kwa kuwa lilimpendeza, na hapo ndipo uamuzi wake unapotiliwa shaka. Alichokiweka juu ya jalada kama mzaha ni maombolezo ya watu. Msomaji wa Mombasa au Unguja, ambako Waithnaasheri huomboleza Muharram kila mwaka, hawezi kulicheka jina hilo kwa wepisi aliocheka nao msomaji wa London.

Sifa kubwa ya kitabu ni njia yake ya kazi. Kila neno lenye uzito huletewa shuhuda za maandishi, zikiwa zimepangwa kwa miaka, hata msomaji akaliona neno likisafiri. Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1884, ilifuata njia hiyo hiyo na ikanufaika sana na kazi ya Yule. Thamani ya njia hiyo yaonekana mara moja mtu anapoilinganisha na visa vinavyosimuliwa kuhusu asili ya maneno. Neno "posh", kwa mfano, lenye maana ya kitu cha fahari, husimuliwa kuwa ni herufi nne za kwanza za maneno yaliyoandikwa katika tiketi za matajiri waliosafiri kwenda India, waliotaka vyumba vya upande wa kivuli wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kisa ni kitamu, lakini haijapatikana tiketi hata moja yenye alama hiyo. Wapenzi wa visa vya namna hii hawakosekani katika Kiswahili pia, na dawa yao ni ile ile: tarehe na maandishi.

Utajiri wa kitabu kwa mwanafunzi wa Kiswahili uko mahali ambapo watungaji hawakukusudia. Anakifungua kusoma maneno mageni ya Kiingereza, akajikuta yu nyumbani. "Monsoon", ambalo Waingereza walilipata kwa Wareno, latokana na Kiarabu mausim, nalo ni ndugu wa msimu. "Nacoda" ni nahodha, kutoka Kiajemi. "Bunder" ni bandari. "Gunny" ni gunia, "gharry" ni gari, "dhoby" ni dobi, "lakh" ni laki, na "pice" ni pesa. "Lascar", baharia wa Kihindi katika meli za Kizungu, latokana na Kiajemi lashkar, yaani jeshi. Na neno la Kiarabu askar, lililozaa askari wa Kiswahili, husemwa kuwa lilitoka huko huko baada ya sauti ya mwanzo kudhaniwa kuwa ni sehemu ya kitangulizi al.

Mfano mmoja wastahili kuangaliwa kwa utulivu zaidi. Neno la Kihindi chitthi, yaani barua au hati fupi, liliingia katika Kiingereza kama "chitty", kisha likakatwa mkia likawa "chit". Kiswahili kililipokea kama cheti. Lakini hakikuishia katika sauti. Kwa kuwa lilianza na ch-, wasemaji waliliweka pamoja na chombo na cheo, na wingi wake ukawa vyeti, sawa na vyombo na vyeo. Ndivyo pia lilivyofanywa kitabu, ambalo ki- yake ni ya shina la Kiarabu, likapewa wingi wa vitabu. Hapa mgeni hakuvikwa nguo za wenyeji tu, amepewa ukoo.

Basi upungufu wa kitabu si wa elimu bali wa kipimo. Mara nyingi Yule na Burnell hulieleza neno lililobadilika kuwa ni neno lililoharibika. Kipimo hicho kikitumiwa kwa Kiingereza huleta tabasamu tu. Kikitumiwa kwa Kiswahili huwa hukumu. Kwa miaka mingi wapo waliodai kwamba, kwa kuwa Kiswahili kina maneno mengi ya Kiarabu, basi ni lugha ya mchanganyiko isiyo na wenyewe. Sehemu kubwa zaidi ya msamiati wa Kiingereza imetoka katika Kifaransa na Kilatini, wala hakuna anayekinyima Kiingereza nafasi yake miongoni mwa lugha za Kijerumani, kwa sababu sarufi yake yamshuhudia. Vyeti ni shahidi wa namna hiyo hiyo kwa upande wa Kibantu. Mwanafunzi anayeambiwa darasani kwamba lugha yake ni ya kuazima angefaa aonyeshwe Hobson-Jobson: kamusi nzima ya madeni ya Kiingereza, iliyotungwa na Waingereza wenyewe kwa furaha.

Kuna pia kitomeo cha "seedy". Asili yake ni sayyid ya Kiarabu, cheo cha heshima, ambacho Unguja kilitangulia majina ya watawala. Katika magharibi ya India kikawa jina la Waislamu wenye asili ya Afrika. Kitabu chakumbusha kwamba baadhi yao walishika vyeo vikubwa katika falme za Deccan, na kwamba ukoo mmoja wa Masidi ulikuwa bado ukitawala Janjira, karibu na Bombay. Utawala huo ulidumu hadi 1948. Katika manowari za Kiingereza jina hilo hilo lilikuwa la mabaharia wa Kiafrika, wengi wao wachochea moto wa injini. Neno moja limebeba mfalme na mchochezi wa makaa, na kitabu chapita haraka.

Kamusi ya Krapf ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka wa 1882, miaka minne kabla ya Hobson-Jobson. Kuvilinganisha vitomeo vya vitabu hivi viwili, neno kwa neno, ni kazi inayowezekana, nayo yaweza kuanza na herufi B, kwenye bandari na Baniani.