Fundi Anayekuja wa Pili

Hita ya maji iliyokufa yenyewe mara nyingi huwa na kosa moja. Iliyokwisha kupitiwa na mwenye nyumba, kwa bisibisi ya kuazima na video ya kwenye simu, huwa na kosa la awali na makosa ya ukarabati juu yake, na yote yana dalili ileile: bafuni maji ni baridi. Baridi ya Juni inapoibana Arusha, hiyo si dalili ya kuvumilia.

Yuko fundi mmoja ninayependa kumtazama akifika kwenye hita za namna hiyo. Hakimbilii kufungua. Anaamkia, anaweka mkoba chini, anauliza: "Mzee, ulipoifungua ulianza na nini?" Hakuna lawama ndani ya swali lile, ndiyo maana hujibiwa kweli. Anayeuliza nani kaharibu hafichuliwi kitu. Mzee huyu alieleza yote: alibadilisha elementi, akarudishia gasketi ya zamani kwa kuwa "bado ilikuwa nzima", kisha akaiziba ile vali ya chini iliyokuwa ikidondosha maji.

Fundi alizima umeme kwenye swichi kubwa, akahakikisha kwa testa, akachomoa nyaya za elementi na kupima. Elementi ya wati 1500, kwa umeme wa volti 230, husoma omu 35 hivi. Mita haikusoma chochote. Elementi mpya kabisa, imekatika! Mzee akaanza kumlaani muuza duka. Fundi akauliza tu kama koki ya maji ya moto ilifunguliwa wakati wa kujaza. Haikufunguliwa. Hita yenyewe ni ya kulala. Hewa ilikosa pa kutokea, tangi halikujaa, na elementi ikawaka nje ya maji. Ikiwa hivyo haichukui muda kuungua. Muuza duka akasamehewa.

Kufunga elementi nyingine ndiko kulikonifurahisha zaidi. Alikwangua chokaa mahali gasketi inapokaa mpaka chuma kikawa laini, akaweka gasketi mpya, akakaza nati kwa mkingamo: moja huku, inayofuata ng'ambo yake, kidogo kidogo, akirudia mzunguko. Anayekaza moja mpaka mwisho ndipo aanze nyingine huipinda gasketi, na maji hupata upenyo. Kisha akajaza maji huku koki ya moto ikiwa wazi, ikakohoa hewa mpaka maji yakatoka bila kukatika. Akaufuta mzingo wa nati, akauzungushia karatasi ya chooni, akakaa. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halijauona. Umeme bado ulikuwa umezimwa. Wapo mafundi ambao wakati huo wangekuwa wameshauza hita mpya.

Kwenye vali sauti yake ilibadilika. "Mzee, hapa samahani. Siwashi mpaka hiki kizibo kitoke."

Alikuwa na haki. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa asilimia 1.5 hivi, katika tangi la lita 80 hiyo ni zaidi ya lita moja. Vali ina kizuizi kinachoyakataza maji kurudi kwenye bomba la baridi, kwa hiyo ziada hutoka hapo, tone kwa tone. Mzee alidhani anaziba uvujaji. Ukiziba, shinikizo hupanda kila hita inapowaka. Themostati nayo ikigoma kukata, maji yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa. Tangi likipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na ukuta wa bafu hauhimili nguvu hiyo.

Kizibo kilitoka, mpira mwembamba ukaelekezwa kwenye mfereji. Karatasi ilikuwa bado kavu. Akawasha, akaizungushia waya mita ya kubana: ampea 6.5, kama inavyotakiwa. Baadaye matone yalipoanza, mzee aliinuka. "Fundi, inavuja tena!"

"Haivuji, mzee. Ndiyo kazi yake."

Kabla ya kuondoka alimwonyesha mkono mdogo wa vali, akamwambia auinue mara mojamoja chokaa kisiigandishe. Hicho mzee anaruhusiwa kugusa. Funiko la nyaya alilifunga mwenyewe, akaondoka na bisibisi zake zote.