Sifa za Moto Mdogo

Mbavu za nguruwe zikipikwa kwa moshi huchukua saa tano au sita, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mpishi haonekani akifanya chochote. Sisi tuliozoea nyama choma ya baa, mchomaji akipepea makaa, akigeuza, akinyunyiza chumvi na kukatakata juu ya gogo, tunaweza kudhani huo ni uvivu. Mimi nauona ni ufundi wa hali ya juu, na leo nataka kuusifu unavyostahili.

Ufundi huu kwao ni Marekani, hasa majimbo ya kusini. Enzi za utumwa, Waafrika waliopelekwa huko ndio waliochimba mashimo, wakapasua kuni na kukesha wakichunga moto kwa ajili ya karamu za mabwana zao. Baada ya utumwa, vizazi vyao viliugeuza ujuzi huo kuwa riziki. Henry Perry, mzaliwa wa Tennessee karibu na Memphis, alipika kwenye meli za mtoni kabla ya kufika Kansas City mwaka 1907. Mwaka uliofuata alianza kuuza nyama ya moshi kwenye kibanda, akiwafungia wateja kwa gazeti. Alipofariki mwaka 1940, biashara ilishikwa na mfanyakazi wake, Charlie Bryant, kisha na Arthur Bryant, ndugu yake Charlie. Sifa ya nyama ya Kansas City inaanzia kwenye kibanda kile. Kila anayepika mbavu kwa moshi leo ana deni kwa watu hawa, na ni vizuri alijue kabla hajawasha kiberiti.

Shimo la moto liliingia uani kwa njia ya mfuniko. Mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya vyuma huko Chicago, alichukua maboya ya chuma waliyokuwa wakiyatengeneza, akapata bakuli la mviringo, akaliwekea miguu na kifuniko. Jiko hilo lina matundu chini na matundu juu. Humo ndimo siri yote ilimo, kwa sababu makaa hayali zaidi ya hewa unayoyapa.

Tazama mkaa unavyopangwa. Unachukua briketi, zile tofali ndogo za mkaa zinazolingana, unazipanga mbilimbili kuzunguka ukingo wa ndani wa jiko, na juu yake mbilimbili tena, mpaka mstari uzunguke zaidi ya nusu ya duara. Juu ya mstari unaweka vipande vichache vya kuni kavu. Katikati unaweka trei ya maji, na nyama inakaa juu ya trei, mbali na makaa. Kisha unawasha ncha moja tu. Moto unaambukizwa tofali hadi tofali, wa nyuma ukizimika wa mbele ukishika, saa baada ya saa, na joto chini ya mfuniko linabaki kwenye nyuzi 110 za Selsiasi bila kusukumwa. Sijaona namna nyingine ya kupanga mkaa inayonifurahisha kama hii.

Kuni zina neno lake. Wamarekani husifu mti wa hikori. Kwetu mpera na mwembe vinafaa sana, mradi vimekauka vizuri. Msonobari usiuguse, utomvu wake huharibu nyama. Na moshi wenyewe una lugha: ukiwa mzito na mweupe, kuni haziungui sawasawa, na nyama itakuwa na uchungu wa masizi. Subiri uwe mwembamba, wa samawati, karibu usiuone. Huo ndio moshi mtamu.

Kabla ya hapo nyama yenyewe imeandaliwa. Upande wa mifupa kuna utando mweupe ambao haulainiki. Unaingiza ncha ya kijiko chini yake, unaushika kwa kitambaa kikavu na kuuvuta mpaka utoke wote. Chumvi, sukari ya kahawia, pilipili manga na paprika zinatosha. Sosi husubiri nusu saa ya mwisho, kwani sukari yake huungua upesi.

Kwa nini saa zote hizo? Mbavu zimejaa nyuzi ngumu za kolajeni. Joto la nyama likipita nyuzi 70, kolajeni huanza kuyeyuka polepole na kuwa ule ute laini unaonata vidoleni, lakini inahitaji muda. Moto mkali huikausha nyama kabla ute haujatoka. Ndiyo maana kila anayefungua mfuniko kuchungulia anajidhuru mara mbili: anatoa joto, na anayapa makaa hewa itakayoyachochea baadaye kupita kiasi.

Ukikata utaona ukanda wa waridi chini ya ngozi ya nje. Walaji wa kitimoto, waliofundishwa kuogopa tegu, huudhani ubichi. Ni gesi za moshi zilizoshikana na rangi ya asili ya nyama. Kipimajoto kitaonyesha kwamba mbavu zimeshapita nyuzi 90. Inua ubavu kwa koleo: ukijikunja na ngozi ya juu ikianza kupasuka, zimeiva. Wapo wanaosifu nyama inayodondoka mfupani yenyewe. Siafikiani nao. Mbavu nzuri huachia mfupa pale jino lilipouma tu, na kwingine kote nyama hubaki imeshika.

Msomaji asiyekula nguruwe hajaachwa nje. Huko Texas mbavu za ng'ombe hupikwa kwa moto mdogo wa namna hiihii, ila muda huongezeka.

Basi ukiwa na uani, jiko lenye mfuniko na Jumamosi isiyo na shughuli, nenda buchani asubuhi na mapema. Mchinjaji atainua shoka akukatie vipande vidogo kama alivyozoea. Mzuie, na umwombe akupe ubavu mzima.