Faili Hili ni la Nani? Seva Moja ya Linux, Kazi Mbili

Anayeandaa seva ya Linux kwa mara ya kwanza hukutana na tatizo moja lenye sura nyingi. Mara rafiki aliyempa akaunti anaandika nywila sahihi, na muunganisho unakatika papo hapo. Mara mchezo wa Minecraft unagoma kuwaka, ingawa jana tu ulikuwa ukichezwa. Mara anafunga kompyuta yake kwenda kulala, na seva ya mchezo nayo inazimika. Ukichimbua visa hivi vyote unafika mahali pamoja: kabla ya kuruhusu jambo lolote, Linux huuliza faili hili ni la nani, na programu hii inaendeshwa kwa jina la nani.

Tuanze na uhamishaji wa mafaili. Miongozo ya zamani bado humpeleka mgeni kwenye FTP, itifaki iliyoandikwa mwaka 1971 na Abhay Bhushan, wakati huo mwanafunzi wa MIT, kwa ajili ya mtandao wa kompyuta chache zilizoaminiana. FTP husafirisha nywila kama ilivyo, mithili ya barua isiyo na bahasha. Mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa kwa njia hiyo katika mtandao wa chuo chake huko Finland, Tatu Ylönen aliandika SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa usimbaji, akaiombea poti 22, katikati ya FTP yenye poti 21 na Telnet yenye 23. Ndani ya SSH ndimo inamopita SFTP, njia ya kuhamisha mafaili ambayo inafanana na FTP kwa jina tu. Chrome na Firefox ziliiondoa FTP mwaka 2021. Kwa anayeanza leo hakuna sababu ya kuisakinisha, kwani seva anayoingia kwa SSH kwa kawaida tayari ina SFTP.

Kazi yenyewe huanza pale mwenye seva anapotaka rafiki apakie mafaili bila kuzurura kwenye mfumo mzima. Katika sshd_config, faili la mipangilio ya SSH kwenye seva, huandikwa mstari wa ChrootDirectory, unaomfungia mtumiaji ndani ya saraka moja, na mwingine wa ForceCommand internal-sftp, unaomnyima uwezo wa kuendesha amri. Mgeni anafuata yote, rafiki anajaribu kuingia, nywila inakubaliwa, kisha kimya. Upande wa rafiki hakuna maelezo ya maana. Maelezo yako kwenye seva. Katika Ubuntu, amri ya journalctl -u ssh huyatoa: umiliki au ruhusa za saraka ile ni mbaya.

Hapo wengi hukimbilia chmod 777, amri ya kubadili ruhusa. Tarakimu hizo ni hesabu ya kujumlisha: 4 ni kusoma, 2 kuandika, 1 kuendesha faili au kuingia kwenye saraka. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kundi lake, ya tatu ya watu wengine wote. Kwa hiyo 777 humpa kila mtu kila kitu, na hilo hasa ndilo OpenSSH, programu ya SSH iliyo kwenye seva, inalolikataa. Saraka ya kufungia, pamoja na kila saraka iliyo juu yake, lazima iwe mali ya root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, na asiwepo mwingine wa kuandika humo. Sababu ni ya msingi: aliyefungiwa akiweza kuandika kwenye mzizi wa saraka hiyo, anaweza kupandikiza mafaili bandia ya mfumo na kuzihadaa programu zenye mamlaka makubwa. Dawa yake ni chown root:root, inayobadili mwenye saraka, na chmod 755 kwa saraka ya nje. Ndani yake huundwa saraka ndogo iliyo mali ya rafiki, naye hupakia humo.

Mchezo nao unahitaji jina lake. Mtumiaji mpya, tuseme minecraft, aundwe kwa adduser kabla hata ya kupakua server.jar, programu ya seva ya mchezo. Mara ya kwanza programu huwaka sekunde chache na kuzimika, na hiyo si hitilafu. Imeandika eula.txt na inasubiri neno false ligeuzwe kuwa true, yaani masharti yakubaliwe. Ikiwashwa tena husikiliza poti 25565. (Atakayetumia ufw kudhibiti poti aruhusu SSH kwanza ndipo aiwashe, la sivyo atajifungia nje ya seva yake mwenyewe.) Seva ya mchezo ikiwashwa kwa mkono hufa mara kikao cha SSH kinapofungwa, kwa kuwa ilizaliwa ndani ya kikao hicho. Faili dogo la huduma la systemd (msimamizi wa huduma katika Linux), lenye User=minecraft na Restart=on-failure, huikabidhi kwa mfumo wenyewe.

Kazi hizi mbili hugongana rafiki anapotuma dunia mpya ya mchezo kwa SFTP. Mafaili yanafika salama, mwenye seva anayahamishia mahali pake, lakini bado ni ya rafiki. Minecraft inapojaribu kuandika session.lock, faili linalozuia programu mbili kufungua dunia moja, Java inajibu AccessDeniedException na kila kitu kinasimama. Mgeni anadhani dunia imeharibika. Anafuta, anapakia upya, anapata jibu lilelile. Kumbe ilitakiwa amri moja tu kwenye saraka ya dunia hiyo: sudo chown -R minecraft:minecraft.

Je, si rahisi kuendesha vyote kwa root na kumaliza maneno? Desemba 2021 ilitoa jibu. Udhaifu wa Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, ulijitokeza mapema kwenye seva za Minecraft: ujumbe mmoja katika gumzo la mchezo ulitosha kuifanya seva ivute na kuendesha msimbo kutoka mashine ya mbali. Ulipewa alama 10 kati ya 10 za hatari, na Mojang, kampuni inayotengeneza Minecraft, ikatoa toleo la 1.18.1 tarehe 10 mwezi huo. Aliyekuwa akiendesha mchezo kwa root alikuwa hatarini kupoteza mashine nzima. Kwa aliyetumia jina la minecraft, mvamizi angeanza na mamlaka ya mtumiaji huyo tu.

Mwisho ni akiba. Kabla ya kunakili dunia ya mchezo, toa kwa seva ya mchezo amri ya save-off, kisha save-all. Nakala ikikamilika, toa amri ya save-on. Halafu ivute nakala hiyo kwa SFTP hadi kompyuta nyingine, kwa sababu nakala iliyobaki kwenye seva ileile itapotea pamoja nayo.