Bibi Traill na Barua za Mwituni

Catharine Parr Traill alizaliwa London mwaka 1802, akahamia Kanada pamoja na mumewe mwaka 1832, akazaa watoto tisa. The Backwoods of Canada, kilichopigwa chapa London mwaka 1836, kimekusanya barua alizowapelekea mamake na jamaa zake. Maelezo yake ya maua na ndege ni mazuri mno. Lakini yafaa kuuliza kama ni haki kumwonyesha mke wa mkulima msitu ule kwa uso wa furaha tu. Barua hizo ni za miaka ya mwanzo, na mama aliye ng’ambo haandikiwi yote. Nduguye, Susanna Moodie, katika Roughing It in the Bush cha mwaka 1852, hakuficha uchungu wala majuto. Kwa hiyo wengi humhesabu yeye kuwa ndiye msema kweli.

Hukumu hiyo yasahau The Female Emigrant’s Guide, alichoanza kukitoa Bibi Traill mwaka 1854. Humo hamna kubembeleza: mna chachu ya mkate, sabuni, mishumaa, na sukari ipikwayo kwa utomvu wa miti. Hapo uchangamfu wake wapata uzito, kwani ni wa mtu aliyekwisha zifanya kazi hizo kwa mikono yake. Nyumba yao iliteketea mwaka 1857, mumewe akafariki mwaka 1859. Studies of Plant Life in Canada kilitoka mwaka 1885, naye ana umri wa miaka 83.