Ndege ya ziwa Tongwe: vipimo sawa, rangi hapana

Wandugu, nimeiangalia muzuri maketi ya ndege ya maji ambayo mwenzetu alituonyesha hapa Kalemie. Ni Short 827, ile Wabelgiji waliazima kwa Waingereza, wakairusha kutoka ziwa Tongwe mwaka 1916 kwenda kutupa mabomu Kigoma, wakiwinda meli Graf von Götzen. (Ndiyo Liemba ya leo.)

Vipimo viko sawa. Mabawa ya kweli yalipita mita 16. Kwa kipimo cha 1/72 yanatoka karibu sentimita 23, na amezipata. Waya za kufunga mabawa amezitengeneza kwa uzi, kazi ya subira kabisa. Lakini rangi, hapana! Kijani na kahawia ni ya vita vya pili, ya akina Spitfire. Hii ilikuwa mbao na kitambaa kilichopakwa vanishi, nyeupe ya maziwa yaliyoungua kidogo. Tena inang'aa, sawa vile haijaona jua letu.

Kwenye kibao ameandika marubani tu. Vita ile ilichukua wapagazi wa Kongo zaidi ya 200,000. Aweke hata watu wanne wa udongo, maji kiunoni, wanaisukuma. Nafasi ipo.