Nani Atamtetea Mtafiti? Uhakiki wa Azimio la Kampala

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Wanataaluma wa Afrika waliokutana Kampala mwezi Novemba 1990 walikataa kupisha. Azimio lao lilitamka kwamba msomi ana haki ya kufundisha, kutafiti na kutangaza matokeo ya utafiti wake bila kuzuiwa, mradi azingatie kanuni za sayansi na maadili ya kazi yake. Mwezi Aprili mwaka huo huo, wahadhiri wa Tanzania walikuwa wamekwisha kupitisha Azimio la Dar es Salaam lenye mwelekeo kama huo.

Ubora wa Azimio la Kampala ni kwamba haliishii kwenye kudai. Linampa msomi wajibu pia, yaani kushirikiana na wananchi katika kupigania haki zao. Lakini hapo ndipo penye udhaifu wake. Nakala zinazopita mikononi mwetu vyuoni ni za Kiingereza au Kifaransa. Mwananchi anayetajwa humo kuwa mshirika wa msomi hawezi kuzisoma.

Matokeo ya udhaifu huo yalionekana Tanzania. Mwezi Septemba 2018, Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015. Ilikuwa lazima sasa kupata idhini ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu kabla ya kutangaza takwimu, na ikawa kosa kutangaza zile zinazopinga takwimu rasmi. Adhabu yake ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Asasi za kiraia na wanasiasa wa upinzani walilalamika, lakini sauti iliyosikika mbali zaidi ilikuwa ya Benki ya Dunia. Mwezi Juni 2019 sheria ilirekebishwa tena, na adhabu ya jinai kwa anayetangaza takwimu zisizo rasmi ikaondolewa.

Msomaji atauliza: ikiwa benki ilisaidia, ubaya uko wapi? Kwa maoni yetu, ubaya ni kwamba mkopeshaji hutetea takwimu anazozihitaji yeye. Utafiti juu ya lahaja, majina ya mahali au malalamiko ya wauza mboga haumhusu. Ukizuiwa, nani atasema neno?

Hatudai kwamba serikali haina hoja. Takwimu za uongo huleta madhara, na kibali cha utafiti huweza kuwalinda wanaohojiwa. Lakini kosa la mtafiti husahihishwa kwa utafiti mwingine, si kwa gereza.

Wala hatudai kwamba lugha ya wananchi ni ngao dhidi ya dola. Alamin Mazrui, mhadhiri nchini Kenya, alitoa tamthilia ya Kilio cha Haki mwaka 1981, inayowahusu vibarua wa shambani wanaodai haki yao. Mwaka 1982 aliwekwa kizuizini. Lakini kazi yake ilibaki kwa wasomaji ambao hawakuhitaji mkalimani, na hadi leo inasomwa.

Turudi nyumbani. Sheria ya mwaka 2011 ilipanga upya elimu ya juu ya Burundi katika ngazi za bakalorea, masta na udaktari. Mjadala wetu ulihusu zaidi vipindi na idadi ya miaka. Wakati huo mwanafunzi anapanda Musaga na hojaji yake, anauliza kwa Kirundi na Kiswahili, anajibiwa kwa ukarimu, kisha anaandika tasnifu kwa Kifaransa na kuifungia maktabani. Mama aliyemjibu akiwa sokoni hataiona kamwe. Siku tasnifu hiyo ikipigwa marufuku, hatajua kwamba amenyang'anywa kitu.

Wapo wanaosema kwamba istilahi hazitoshi. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1970, na tangu hapo tasnifu nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili. Kisingizio hicho kimechakaa.

Walimu wenzangu, napendekeza jambo dogo. Kila tasnifu inayopita katika idara yetu iambatane na muhtasari wa kurasa mbili, kwa Kiswahili na Kirundi, urudishwe kwa waliohojiwa na usomwe mbele yao. Kazi hiyo haihitaji sheria mpya wala mfadhili. Mtu hutetea anachokijua kuwa ni chake.